Liende Lenyewe, Lirudi Lenyewe: Ushauri kwa Anayejenga Gari la Misuli

Nina kipimo kimoja cha gari la misuli la Kimarekani lililojengwa vizuri. Jumamosi asubuhi liwake kwa ufunguo, lishike barabara kuu kilomita mia bila kuchemka, likimbie robo maili mara tano au sita, halafu jioni limrudishe mwenyewe nyumbani, taa zikiwaka na breki zikishika. Gari linalofikishwa uwanjani juu ya trela linaweza kuwa na kasi ya kutisha, na mwenye nalo namheshimu. Ushauri huu ni kwa anayetaka gari moja lifanye kazi zote mbili, kama yalivyofanya magari haya yalipokuwa mapya.

Mwaka 1964 Pontiac, iliyokuwa chini ya General Motors, iliichukua injini ya inchi za ujazo 389 kutoka kwenye magari yake makubwa na kuifunga kwenye Tempest, gari la familia la ukubwa wa kati. Kanuni ya kampuni ilikataza injini ya zaidi ya inchi 330 kwenye bodi za ukubwa ule. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu, na wenzake wakapita pembeni: injini ikauzwa kama nyongeza kwa mteja anayeitaka, na nyongeza hiyo ikaitwa GTO. Ilitoa nguvu za farasi 325, au 348 kwa aliyeongeza fedha apate kabureta tatu. Wengine wakafuata: Chevrolet wakaleta Chevelle SS 396, Plymouth wakaleta Road Runner mwaka 1968, Ford nao wakatia 428 Cobra Jet kwenye Mustang. Usiku vijana wa Detroit walishindana Woodward Avenue, kutoka taa moja hadi nyingine, na asubuhi magari yale yale yakaenda kazini.

Tazama kilichofanyika pale. Kiwanda kiliongeza injini, kikakaza springi kidogo na kutoa ekzosi mbili, lakini breki zilibaki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na tairi zilikuwa nyembamba mno kwa nguvu ile. Mnunuzi alipewa kasi kabla ya kupewa namna ya kuizuia. Wajenzi wengi wa leo wanarudia mpangilio huo huo: fedha ya kwanza yote inakwenda kwenye injini, na breki zinasubiri mwaka ujao. Ugeuze mpangilio huo. Anza na bodi, kisha breki na upoozaji, kisha difu na tairi. Injini kubwa ije mwisho.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, nunua bodi. Injini ya Chevrolet 350 na vipuri vyake ni rahisi kupata Marekani nzima, na fundi wa kuifungua hakosekani. Sakafu iliyooza na fremu iliyoliwa na kutu ndizo zinazomaliza akiba ya mtu kabla gari halijatembea. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi na bisibisi kuukuu. Pitisha sumaku nyuma ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango na kwenye kona za kioo cha nyuma. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Inua zulia la buti, mulika pembeni kabisa, gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Ukiwa unaangalia Mustang ya miaka ya 1960, omba ruhusa umimine maji kidogo kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha ingia ndani uguse zulia miguuni. Likilowa, pale ndani kumeoza, na ili kupafikia itabidi mabati ya juu yakatwe, yatolewe, kisha yachomelewe upya. Muuzaji anayekataa jaribio hilo la maji amekujibu tayari.

Ujue pia aina ya mwili unaonunua. Chevelle na GTO zina fremu kamili chini ya bodi. Mustang na magari ya Chrysler kama Charger na Dart, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu kwenye mihimili yake inagusa uimara wa gari zima. Gari la aina hiyo likiongezewa nguvu hujikunja. Mapema kabisa lichomelewe vyuma vya kuunganisha mihimili ya mbele na ya nyuma. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri, na milango hufunga vizuri zaidi baada yake.

Kuhusu hati, usiwe mwepesi. Beji za SS zinanunuliwa dukani na mtu yeyote. Chevelle SS 396 ya kweli ya 1966 hadi 1968 ina namba ya chasi inayoanza na 138; kuanzia 1969 SS ilikuwa furushi la nyongeza, namba peke yake haikwambii kitu. GTO za 1966 hadi 1971 huanza na 242. Kwa Ford za 1967 na kuendelea, kuna ripoti za Marti zinazotolewa kutoka kwenye kumbukumbu za kiwanda, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya kudanganywa. Hapa nina msimamo mkali: ukikuta gari adimu la kweli, lenye injini yake ya kuzaliwa, usilikate, usilitoboe. Litunze au muachie atakayelitunza. Kwa kazi yetu tafuta Malibu ya kawaida, Nova, Dart, au Mustang iliyotoka kiwandani na silinda sita. Ukipanua nafasi ya tairi au ukitoboa sakafu kwa ajili ya giaboksi mpya, hujaharibu historia ya mtu.

Gari likishafika gereji, miezi ya kwanza fanya kazi isiyopigiwa makofi. Magari mengi ya kabla ya 1967 yana silinda kuu ya breki yenye chumba kimoja: mpira mmoja ukipasuka, breki zote zinapotea kwa mkupuo. Toa hiyo, weka yenye vyumba viwili. Mbele weka diski. Kwa magari maarufu seti zake zinauzwa zikiwa kamili. Mabomba ya breki ya chuma yabadilishwe yote hata kama yanaonekana mazima, kwa sababu huoza kutoka ndani. Mipira ya petroli nayo itupwe. Petroli nyingi ya Marekani siku hizi imechanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Hulainika, hupasuka, na hudondosha mafuta juu ya ekzosi ya moto. Waya za umeme zenye umri wa miaka hamsini na zaidi nazo zisikupe moyo. Gari likiungua, mara nyingi chanzo ni moja ya hayo mawili.

Kuchemka ni ugonjwa unaotibika, lakini watu huutibu vibaya kwa kununua rejeta kubwa peke yake. Angalia kwanza kama kava la feni lipo, maana bila hilo feni hupuliza hewa ile ile ikizunguka mahali pamoja. Gari likichemka kwenye foleni lakini likapoa barabara kuu, shida ni feni na kava lake. Likichemka barabara kuu na kupoa kwenye foleni, shida ni rejeta au mzunguko wa maji. Tofauti hiyo itakuokolea fedha nyingi.

Sasa injini. Usishindane na namba za zamani. Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya LS6 ya inchi 454 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450, lakini miaka ile injini ilipimwa ikiwa juu ya stendi bila ekzosi ya gari wala mizigo mingine. Kipimo kilipobadilishwa kwa magari ya 1972, namba zilishuka hata kwa injini ambazo hazikuguswa. Farasi 400 za kweli kwenye gari la kilo 1,600 zinatosha kukupa robo maili ya sekunde 12, tairi zikishika. Ni mwendo ambao mwaka 1970 ungeyaacha karibu magari yote yaliyotoka kiwandani.

Kwa Chevrolet, njia iliyozoeleka ni 383: bloku ya 350 iliyochongwa kidogo, na krankshafti yenye mwendo wa inchi 3.75 badala ya 3.48. Inavuta vizuri chini, na hapo ndipo barabarani unapoishi. Njia ya pili ni injini za LS kutoka kwenye magari ya mizigo ya Chevrolet na GMC ya baada ya 1999, hasa ile ya lita 5.3. Haina sauti ya kabureta wala sura ya zamani, lakini inawaka kila asubuhi na inakula mafuta kwa adabu. Mimi napenda kabureta, napenda harufu yake na kazi yake ya mikono. Hata hivyo, kwa anayetaka kuendesha kila wiki, 5.3 ni jibu la haki.

Makosa ya kabureta na kamshafti yana mzizi mmoja, nao ni kununua kikubwa zaidi. Kabureta ina hesabu yake: zidisha inchi za ujazo kwa mizunguko ya juu ya injini, gawa kwa 3456. Injini ya 350 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inapata takriban futi za ujazo 608 za hewa kwa dakika, na injini ya barabarani haivuti hewa yote hiyo. Kabureta ya 600 au 650 inatosha kabisa. Ya 850 itaifanya injini ijikwae kila unapogusa moto kidogo. Kamshafti kubwa nayo ina mlio mtamu inapotetemesha gari likiwa limesimama, lakini inapunguza mvuto wa hewa kwenye manifoldi, na msaada wa breki unategemea mvuto huo huo. Utajikuta na gari linalonguruma vizuri na pedali ya breki ngumu kama jiwe. Mpigie simu mtengenezaji wa kamshafti, mpe uzito wa gari, giaboksi, namba ya difu na mbano wa injini, akuchagulie. Kisha uheshimu alichokuchagulia.

Mbano uendane na petroli ya kituo cha kawaida, ile ya oktani 91 au 93. Silinda hedi za chuma zisivuke sana 9.5 kwa 1. Za alumini zinavumilia zaidi kidogo. Kama kamshafti yako ni ya lifta bapa, tumia oili yenye zinki ya kutosha, kwa sababu oili nyingi za sasa zimepunguziwa zinki ili kulinda mitambo ya kusafisha moshi. Ikiwashwa mara ya kwanza, mara moja ipandishwe hadi mizunguko 2,000 au zaidi na ikae huko kama dakika 20, bila kuachwa ingurume polepole. Lifta hulainishwa na oili inayorushwa na krankshafti, na mwendo wa chini haurushi ya kutosha.

Kwenye difu na giaboksi ndipo gari la kazi mbili linapopatikana au kupotea, na ndipo ningekushauri ukae na karatasi na kalamu. Chukua mwendo kwa maili, zidisha kwa namba ya difu, zidisha kwa 336, gawa kwa kimo cha tairi kwa inchi. Jibu ni mizunguko ya injini kwa dakika kwenye gia ya moja kwa moja. Tairi ya inchi 26 na difu ya 4.10 kwa maili 70 kwa saa, yaani kilomita 113, zinakupa mizunguko 3,700. Saa moja ya kelele hiyo na utaanza kutafuta sababu za kuliacha gari nyumbani. Difu ya 3.31 inashusha hadi 3,000, lakini kwenye mstari wa kuanzia gari linakuwa zito.

Suluhisho ni giaboksi yenye gia ya juu ya kupumzisha injini. Otomatiki ya 700R4 ina gia ya kwanza ya 3.06 na ya nne ya 0.70. Iweke na difu ya 3.73. Kwenye kuanzia unazidisha 3.06 kwa 3.73, unapata 11.4, ilhali Turbo 350 ya zamani yenye gia ya kwanza ya 2.52 na difu ya 4.10 inatoa 10.3. Umeondoka kwa nguvu zaidi, na kwa maili 70 injini iko chini ya mizunguko 2,400. Kasoro yake ni pengo kubwa kati ya gia ya kwanza na ya pili, na kebo ya kabureta inayoongoza shinikizo la oili ndani yake lazima irekebishwe sawasawa, la sivyo itaungua mapema. Kwa wapenda klachi, Tremec za gia tano zinafanya kazi hiyo hiyo. Mwishoni kabisa mwa mnyororo, difu yenyewe iwe ya kusukuma magurudumu yote mawili ya nyuma, na iwe na maumbile ya kuhimili: Ford ya inchi 9, au ya Chevrolet yenye boliti 12.

Tairi za nyuma ziwe zile za radiali zilizotengenezwa kwa mbio lakini zenye kibali cha barabarani. Zinashika ajabu kwenye lami kavu yenye joto. Mvua ikinyesha, punguza mwendo sana au usimame. Tairi hizo hazina mifereji ya kutosha kutoa maji. Kwa Chevelle na ndugu zake kuna ujanja wa siku nyingi: mfuko wa hewa unaoingizwa ndani ya springi ya nyuma kulia. Nguvu ya propela hukandamiza gurudumu la kushoto na kulinyanyua la kulia. Ukitia upepo kiasi kwenye mfuko huo, magurudumu yanasukuma sawa na gari linaondoka limenyooka. Ni kifaa cha bei ndogo kinachozidi vingi vya bei kubwa.

Siku ya uwanjani fika mapema, tanki likiwa nusu, buti likiwa tupu. Wakaguzi watataka betri iliyofungwa imara, springi mbili za kurudisha moto kwenye kabureta, chombo cha kukingia maji ya rejeta yanayofurika, otomatiki isiyowaka ikiwa kwenye gia, na mkanda unaofunga. Kwa kanuni za NHRA, chama kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, ukikimbia sekunde 13.99 au chini yake uvae helmeti yenye kibali, na ukifika 11.49 gari liwe na nondo ya kulinda kichwa likipinduka. Kila uwanja una nyongeza zake, uliza kabla ya kusafiri. Nondo hiyo ina hatari yake barabarani kwa kichwa kisicho na helmeti, kwa hiyo mimi huwashauri watu walijenge gari kwa sekunde 12 na kuridhika nazo.

Shusha upepo wa tairi za nyuma hadi kama 20. Ukiwa na tairi za kawaida lizunguke dimbwi la maji, usipite ndani, maana mifereji itabeba maji hadi kwenye mstari. Sogea taratibu, taa ndogo ya kwanza ikiwaka uko karibu, ya pili ikiwaka umefika. Hapo pumua. Taa tatu za njano zitashuka moja baada ya nyingine kwa nusu sekunde, na uondoke unapoiona ya tatu, kwa sababu ukingoja kijani umechelewa. Saa yako haianzi mpaka gurudumu la mbele litoke kwenye mwale, kwa hiyo kuchelewa hakuharibu muda wa gari; kunaharibu ushindi wako tu. Mara za kwanza ondoka kwa upole, kisha ongeza moto kidogo kidogo kila mbio.

Karatasi utakayopewa isome kwa makini. Futi 60 za kwanza, mita 18 hivi, zinaeleza habari ya tairi na springi, na kila sehemu ya kumi ya sekunde unayoiokoa pale hukurudishia zaidi ya hiyo mwisho wa njia. Kasi ya mwishoni inaeleza habari ya nguvu. Mwenye maili 110 kwa saa na sekunde 13.5 ana injini nzuri na tairi zinazoteleza. Asiguse kabureta, aende nyuma ya gari. Badilisha kitu kimoja kwa kila mbio, andika, pamoja na joto la hewa, kwani mchana wa jua kali hewa huwa nyepesi na kila gari hupungukiwa.

Ukizoea, ingia mashindano ya kutabiri muda. Unaandika kwenye kioo sekunde utakazokimbia, mwenye gari la polepole anatangulizwa kwa tofauti yenu, na anayekimbia haraka kuliko alivyoandika hushindwa, labda mwenzake awe amekosea vibaya zaidi. Hapo Dart ya sekunde 14 inayokimbia sawasawa kila mara inaitoa Corvette. Sijui mchezo mwingine wa magari unaomlipa mtunzaji makini kiasi hicho.

Nje ya uwanja kuna starehe tele. Jumamosi ya tatu ya Agosti maelfu ya magari hufurika Woodward kati ya Ferndale na Pontiac kwa msafara ulioanza 1995. Power Tour, iliyoanza mwaka huo huo, husafiri mji hadi mji. Drag Week, tangu 2005, hukimbiza magari kwenye viwanja kadhaa kwa siku tano na kuyaendesha zaidi ya maili 1,000 katikati, kila mtu na vipuri vyake, bila gari la msaada nyuma. Kwa safari hizo kata bima ya thamani mliyokubaliana mapema na kampuni, kwani bima ya kawaida italihesabu gari lako kuwa kuukuu.

Mbio zikiisha, acha injini ipoe kabla ya kuingia barabarani, na jaza upepo urudi 30 au zaidi. Pampu ndogo ya umeme ikae kwenye buti siku zote. Kagua nati za magurudumu pale pale. Kesho yake, injini ikiwa baridi, kaza boliti za ekzosi, maana joto la mbio huzilegeza, chungulia kama difu inavuja, na vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, kabureta inamwaga, nawe una kazi ya wiki hiyo.